Poe, Mary Rogers na Biashara ya Maiti

Kuna aina ya riwaya za upelelezi ambazo nimezisoma mpaka watu wa nyumbani wananishangaa: mauaji ni ya kubuni, zama ni za kale, na anayemsaka muuaji ni mwandishi wa kweli aliyewahi kuishi. Stephanie Barron alianza kumtuma Jane Austen kwenye upelelezi mwaka 1996. Gyles Brandreth kazi hiyo kampa Oscar Wilde. Nicola Upson kamchukua Josephine Tey, ambaye enzi za uhai wake alikuwa mwandishi wa riwaya hizo hizo za mauaji. Ukizisoma mfululizo utadhani waandishi wa zamani hawakuwa na shughuli nyingine duniani ila kujikwaa kwenye maiti.

Nyingi ni burudani tu, na burudani si dhambi. Ila kila nikikutana na Edgar Allan Poe ndani ya riwaya za namna hii, nasoma nikiwa nimekunja uso kidogo. Manake kabla Poe hajafanywa mhusika katika mauaji ya watu wengine, yeye mwenyewe alishamfanyia mtu hivyo. Na mtu huyo hakuwa mwandishi maarufu mwenye vitabu vya kumtetea.

Aliitwa Mary Rogers. Alikuwa msichana wa miaka 20 hivi, aliyewahi kuuza katika duka la sigara la John Anderson pale New York, na uzuri wake ulikuwa ukivuta wateja, wakiwemo waandishi wa habari. Julai 25, 1841, aliondoka nyumbani kwao na hakurudi. Siku tatu baadaye maiti yake ilionekana ikielea mtoni Hudson, upande wa Hoboken. Magazeti yakaipata habari ya mwaka. Oktoba, mchumba wake alikunywa dawa ya afyuni karibu na mahali palipodhaniwa ndipo alipouawa, naye akafa.

Mimi ni mwandishi wa habari, na nimewahi kukaa kwenye chumba cha habari wakati wa kuamua picha ipi ya marehemu iende mbele. Akiwa msichana, inatafutwa ile aliyopendeza. Kwa hiyo ninaposoma habari za magazeti ya New York ya 1841, sishangai hata kidogo.

Poe alifanya nini? Alikaa na maelezo ya magazeti, akamhamishia Mary mjini Paris, akambatiza Marie Rogêt, kisha akampa kesi hiyo Dupin, mpelelezi aliyekwisha kumbuni. Juni 1842 aliwaandikia barua wahariri wawili, kila mmoja kivyake, akiinadi hadithi hiyo na kudai ameonesha njia ya kumfikia muuaji halisi. Mmoja alimtajia bei ya dola 50. Mwingine, Joseph Snodgrass wa Baltimore, dola 40. Hakuna aliyenunua kati yao, ikatoka kwenye jarida jingine kwa sehemu tatu, kuanzia Novemba mwaka huo.

Sasa sikia. Mwezi huo huo wa Novemba, mama mmoja mwenye nyumba ya wageni karibu na Hoboken alipigwa risasi na mwanawe kwa bahati mbaya, na ikaandikwa magazetini kwamba kabla ya kukata roho alisema Mary alifia kwake, akitolewa mimba. Hadithi ya Poe ilikuwa katikati. Sehemu ya tatu, iliyotazamiwa Januari, ikatoka Februari. Na alipoichapa tena kitabuni mwaka 1845, alibadilisha maneno hapa na pale ili yakubaliane na uwezekano wa ajali, kisha akaongeza maelezo ya chini akidai kwamba ungamo za watu zimethibitisha alichosema tangu mwanzo. Hivi huo ni upelelezi au ni kukwepa aibu? Kesi ya Mary Rogers haijapata jibu hadi leo.

Kisha ikaja zamu yake. Oktoba 3, 1849, Poe aliokotwa kwenye kilabu cha pombe mjini Baltimore, hajitambui, amevaa nguo zilizoonekana si zake. Aliyeitwa kwenda kumchukua ni nani? Joseph Snodgrass, yule yule wa dola 40. Poe alifia hospitalini Oktoba 7, akiwa na miaka 40, na kilichomuua kinabishaniwa mpaka sasa. Snodgrass, aliyekuwa mpiga vita pombe, akazunguka akikihutubia kifo hicho kama onyo kwa walevi. Daktari aliyemhudumia naye akakisimulia kwa miaka mingi, na kila mara kikibadilika.

Kwa hiyo Matthew Pearl alipotoa The Poe Shadow mwaka 2006, ambamo wakili kijana anahangaika kutafuta ukweli wa kifo hicho, alikuta soko lilishafunguliwa zamani. Hata hivyo nampa heshima yake: fumbo analolifuata limo kweli ndani ya maisha ya Poe. Louis Bayard katika The Pale Blue Eye, iliyofanywa filamu mwaka 2022, anampeleka Poe kwenye mauaji ya kubuni katika chuo cha kijeshi cha West Point, mahali ambapo kweli alikuwa kadeti mwaka 1830. Poe wa Bayard anapendeza kuliko wa Pearl, anaongea sana na ana njaa ya kupendwa. Ila mauaji yenyewe hayamdai Poe chochote.

Ndiyo maana namkumbuka Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, na The Trial of Christopher Okigbo ya 1971. Si riwaya ya upelelezi, lakini mwandishi wa kweli amesimamishwa kizimbani. Okigbo aliuawa vitani Biafra mwaka 1967, na ahera anashtakiwa kwa kuiweka kabila mbele ya ushairi wake. Unaweza kukasirikia shtaka hilo, mimi lilinikasirisha, lakini ni swali lililotoka kwenye maisha na kifo chake mwenyewe. Mazrui hakumbandikia maiti ya mtu mwingine.

Joel Rose alimrudia Mary mwaka 2007, katika The Blackest Bird. Humo Poe hapewi kofia ya mpelelezi. Anahojiwa kama mshukiwa.