Kusoma chati za sarafu: Viashiria, ujazo wa biashara na mipaka yake

MTU anayefika katika soko la Kongowea, Mombasa, na kuambiwa kwamba kreti ya nyanya imepanda kutoka Sh3,000 hadi Sh3,500 hatosheki na habari hiyo. Mchuuzi mzoefu huuliza swali la pili: ni kreti ngapi zimeuzwa kwa bei hiyo mpya? Ikiwa ni tatu tu, zilizonunuliwa na mwenye hoteli aliyekuwa na haraka, huenda kufikia adhuhuri bei ikarudi palepale. Ikiwa malori mawili yamekwisha kupakuliwa na nyanya zote zimenunuliwa, basi hapo pana jambo.

Swali hilo la pili ndilo msingi wa uchanganuzi wa ujazo wa biashara, yaani idadi ya mali iliyouzwa na kununuliwa katika muda fulani. Wengi wanaofanya biashara ya sarafu za kigeni kwa tarakilishi au simu za mkononi hulitamka neno hilo kila siku. Wachache mno hujiuliza iwapo takwimu wanazoonyeshwa ni za ujazo kweli.

Swali la kwanza, lile la bei, limepata majibu tangu kale. Wajapani walikuwa wakiuza na kununua stakabadhi za mchele katika soko la Dojima, mjini Osaka, lililotambuliwa rasmi na utawala wa nchi hiyo mwaka wa 1730. Ni kwa Munehisa Homma, mfanyabiashara wa mchele wa karne hiyo, ambako desturi hunasibisha asili ya chati za mishumaa zinazotumiwa hadi leo. Marekani ilimpata Charles Dow, mmoja wa waasisi wa gazeti la The Wall Street Journal mwaka wa 1889, ambaye tahariri zake zilizaa nadharia inayoitwa kwa jina lake. Kisha mwaka wa 1978, J. Welles Wilder, mhandisi aliyegeukia masoko, alichapisha kitabu kilicholeta viashiria kadhaa kwa mpigo, kikiwamo kile cha RSI.

Viashiria hivi havina uchawi wowote. Wastani unaosogea ni bei za kufunga za siku kadhaa, tuseme 50, zilizojumlishwa na kugawanywa kwa 50. Kesho siku kongwe zaidi huondolewa na mpya ikaingizwa. RSI hulinganisha wastani wa kupanda na wastani wa kushuka katika vipindi 14. Mathalan, ikiwa wastani wa kupanda ni nukta 30 na wa kushuka ni nukta 10, uwiano ni 3; gawanya 100 kwa 4, toa jibu katika 100, upate 75. Ikizidi 70, husemwa kuwa wanunuzi wamepita kiasi. Ikiwa chini ya 30, wauzaji ndio waliopita kiasi. MACD, kilichobuniwa na Gerald Appel, ni tofauti baina ya wastani wa vipindi 12 na ule wa vipindi 26, ikilinganishwa na wastani wake yenyewe wa vipindi tisa.

Msomaji makini ameshaona kasoro. Vyote vitatu ni watoto wa mama mmoja, nayo ni bei. Mtu anayejigamba kwamba viashiria vyake vitano vimekubaliana ameita mashahidi watano waliosimuliwa kisa na mtu yuleyule. Ushahidi wake ungali mmoja. Fauka ya hayo, RSI inaweza kukaa juu ya 70 kwa majuma kadhaa huku bei ikizidi kupaa, na aliyeuza kwa kuamini kwamba kilichopanda lazima kishuke ataipata habari hiyo kwenye salio lake.

Ujazo ni shahidi wa aina nyingine, kwa kuwa hautokani na bei. Dow mwenyewe alishikilia kwamba mwelekeo wa kweli sharti uandamane na ongezeko la biashara. Bei inapovunja kiwango ilichokuwa imezuiliwa kwa muda mrefu na ujazo ukawa maradufu ya kawaida, wengi wamekubali bei hiyo. Ikivunja kiwango hicho huku biashara ikiwa hafifu, aghalabu hurejea ilikotoka. Joseph Granville, mwaka wa 1963, aliligeuza wazo hilo kuwa hesabu: siku ambayo bei imefunga juu, ujazo wake hujumlishwa, ikifunga chini, hutolewa. Jumla hiyo ikididimia ilhali bei yapanda, ni dalili kwamba kupanda huko kunakosa nguvu.

Katika mikataba ya bei za baadaye, ambapo watu hukubaliana leo bei ya mali itakayokabidhiwa siku zijazo, kuna kipimo cha ziada: mikataba iliyo wazi. Mnunuzi mpya akikutana na muuzaji mpya, idadi ya mikataba iliyo wazi huongezeka kwa mmoja. Mtu aliyeuza awali akinunua ili ajitoe, na anayemuuzia naye awe anajitoa, idadi hupungua kwa mmoja. Katika hali zote mbili ujazo wa siku ni mmoja tu, lakini maana ni mbalimbali kabisa. Bei ikipanda huku mikataba iliyo wazi ikiongezeka, fedha mpya zinaingia. Ikipanda huku mikataba hiyo ikipungua, huenda wanaonunua ni wale waliotarajia bei ishuke, nao sasa wanakimbia kujiokoa. Wakimalizika, hakuna anayebaki wa kuisukuma juu.

Mahali ambapo takwimu hizi ni za kweli ni Chicago. Agosti 1971 Rais Richard Nixon alisitisha ubadilishanaji wa dola kwa dhahabu, na viwango vya sarafu vikaanza kuyumba. Mnamo Mei 16, 1972, soko la bidhaa la mji huo, likiongozwa na Leo Melamed, lilianzisha mikataba ya baadaye ya sarafu. Mkataba wa kawaida wa euro huko ni wa euro 125,000, na ule wa pauni ya Uingereza ni wa pauni 62,500. Kila mkataba hupitia daftari moja, kwa hivyo ujazo unaochapishwa ni ujazo halisi.

Soko la sarafu la papo kwa papo, lile ambalo vijana wetu huliita forex, halina daftari kama hilo. Ni kana kwamba Kongowea imefungwa na kila mchuuzi anauzia nyumbani kwake. Benki huuziana zenyewe kwa zenyewe, kampuni huuziwa na benki, na madalali wa mtandaoni huwauzia wateja wadogo. Uchunguzi unaofanywa kila baada ya miaka mitatu na Benki ya Malipo ya Kimataifa, yenye makao mjini Basel, Uswisi, ulikadiria biashara hii kuwa dola trilioni 7.5 kwa siku mnamo Aprili 2022. Hakuna dalali anayeiona yote.

Je, zile nguzo ndogo zilizo chini ya chati, zilizoandikwa ujazo, ni kitu gani? Aghalabu ni hesabu ya mara ambazo bei imebadilika katika mitambo ya dalali huyo mmoja. Mabadiliko mia moja yaweza kuletwa na dola laki moja au dola bilioni moja. Hesabu hiyo si bure kabisa, kwani saa za pilkapilka bei hubadilika mara nyingi, lakini ni kivuli cha ujazo. Anayetaka kitu halisi huweka chati ya euro ya papo kwa papo kando ya ile ya mkataba wa Chicago. Bei hizo mbili hutembea pamoja, na ujazo wa Chicago, japo ni sehemu ndogo ya biashara yote, ni sampuli iliyohesabiwa kweli.

Hata hapo pana mitego. Mikataba hiyo hukoma hasa mwezi wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Siku chache kabla ya kukoma, wafanyabiashara huhamia mkataba unaofuata, na asiyejua hilo hudhani soko limekufa. Saa nazo zina uzito. London na New York zinapokuwa kazini kwa pamoja, kuanzia alasiri hadi mwanzo wa usiku kwa saa za Nairobi, biashara hufurika. Usiku wa manane hupwaya. Kwa hivyo ujazo wa saa kumi alasiri hulinganishwa na wa saa kumi za siku zilizotangulia. Kuulinganisha na wa saa tatu asubuhi ni kujidanganya.

Yako pia mambo ambayo chati haina uwezo wa kuyaona. Tangu Septemba 2011, Benki Kuu ya Uswisi ilikuwa imeapa kutoruhusu euro kushuka chini ya faranga 1.20. Kwa zaidi ya miaka mitatu wengi walinunua euro kila ilipokaribia kiwango hicho, na viashiria vikawaunga mkono. Mnamo Januari 15, 2015, benki hiyo iliondoa kizuizi bila kumwonya yeyote. Katika muda wa dakika chache euro ilikuwa chini ya faranga moja. Amri za kujitoa, ambazo wateja walidhani zingewalinda, zilitekelezwa kwa bei za mbali mno kwa sababu hapakuwa na wanunuzi. Dalali Alpari wa Uingereza alifilisika, naye FXCM wa Marekani akaokolewa kwa mkopo wa dola milioni 300.

Kilichowaangamiza wengi siku hiyo ni ukubwa wa biashara waliyoifanya kwa fedha za kukopeshwa na dalali. Hesabu yake ni nyepesi. Mwenye dola 500 akikopeshwa mara mia hushika sarafu za dola 50,000. Bei ikienda kinyume naye kwa asilimia moja tu, dola zake 500 zimekwisha, hata kama uchanganuzi wake ungethibitika kuwa sahihi siku iliyofuata. Mwaka wa 2018 mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya ilieleza kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za wateja wadogo katika mikataba ya aina hii hupoteza fedha, ikaweka kikomo cha mkopo kuwa mara 30 kwa sarafu kuu.

Kenya ilitunga kanuni zake za biashara ya sarafu mtandaoni mwaka wa 2017, na madalali wanapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Orodha ya wenye leseni hupatikana katika wavuti wa mamlaka hiyo, na kuikagua ni kazi ya dakika tano. Kwa upande wa mikataba ya baadaye, Soko la Hisa la Nairobi lilifungua kitengo chake kiitwacho NEXT mnamo Julai 2019, kwa mikataba ya faharasa ya NSE 25 na ya hisa za kampuni chache kubwa, Safaricom ikiwamo. Ujazo wa huko huhesabiwa katika daftari moja kama ule wa Chicago, ingawa biashara yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya huko, na nguzo moja ndefu kwenye chati huenda ikawa kazi ya mteja mmoja.