Kuhesabu Vinundu



Mhariri ameniomba niandike juu ya masomo yangu ya ng'ambo. Nitaeleza kazi moja tu niliyopewa maabara nikiwa mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza mjini Toronto, Kanada. Kazi hiyo ilikuwa kuhesabu.

Kwanza historia yake. Seli nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi, kisha hufa. Mpya huzaliwa ndani ya mifupa, katika uloto. Je, mzazi wao ni nani? Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika Taasisi ya Saratani ya Ontario mjini humo, mwanafizikia James Till na daktari Ernest McCulloch walikuwa wakitafuta jambo jingine: kupima jinsi mionzi inavyoua seli za uloto. Waliwapiga panya mionzi mikali, kisha wakawadunga uloto wa panya wazima.

Jumapili moja McCulloch aliingia maabara kuwachunguza panya waliotimiza siku 10 tangu kudungwa. Akaona vinundu juu ya bandama zao. Hakuvipuuza, alivihesabu! Kadiri seli zilizodungwa zilivyokuwa nyingi, ndivyo vinundu vilivyozidi: kimoja kwa kila seli 10,000 hivi. Wakatangaza matokeo mwaka 1961. Mwaka 1963, wakiwa na mwanafunzi wao Andrew Becker, walionyesha kwa alama za kromosomu kwamba kinundu kizima chaweza kuzaliwa na seli moja. Hivyo ndivyo seli shina ya damu ilivyoanza kuthibitishwa.

Nilipofika mimi, makundi ya seli za damu yalikuwa yakioteshwa pia katika visahani vya maabara, bila panya. Baada ya siku 14 nilivitazama kwa darubini na kuandika idadi. Visahani vitatu vya sampuli moja vilipaswa kukaribiana. Siku moja viwili vilikaribiana, cha tatu kikawa na nusu tu. Nikaona haya, nikadhani nimekosea. Nikaandika namba inayofanana na wenzake.

Mkuu wangu aliomba nihesabu tena mbele yake. Nikakiri. Hakunigombeza, ila kazi yangu ya mwezi mzima ilitupwa, kwa kuwa hakuna aliyejua namba ipi ni ya kweli. Tulipochunguza, tukagundua kwamba kabati la joto lilikuwa likikausha visahani vya upande mmoja. Kile kisahani nilichokionea haya ndicho pekee kilichokuwa kikitueleza ukweli!

Wadogo zangu, haya si mambo ya Toronto peke yake. Nani kati yetu hakuwa na mwenzake bwenini aliyelia usiku kwa maumivu ya selimundu? Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wenye ugonjwa huo. Mtoto huyo hutegemea seli shina atakazopewa, na mtu fulani lazima azihesabu.

Haba na haba hujaza kibaba. Basi mkiwa maabara ya shule, na jibu lenu likapingana na la kitabu, liandikeni kama lilivyo, kisha mwiteni mwalimu.