Rekodi za Muziki wa Wakipsigis

Rekodi za muziki wa Wakipsigis ni mkusanyiko wa nyimbo zilizonaswa mwaka 1950 katika Wilaya ya Kericho, Kenya, ambayo enzi hizo ilijumuisha pia Bomet ya leo. Aliyezinasa ni mtafiti Hugh Tracey (1903–1977). Zimehifadhiwa katika Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika (ILAM), Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini.

Historia

Tracey, mzaliwa wa Uingereza, alizunguka nchi nyingi za Afrika akiwa na mitambo ya kunasia sauti. Katika nchi ya chai, yaani Kericho, alirekodi waimbaji wa Kapkatet. Alianzisha ILAM mwaka 1954, na nyimbo alizokusanya zikatolewa katika mfululizo wa Sound of Africa, wenye santuri zaidi ya 200. Baada ya kifo chake, maktaba ilihamia mji wa Grahamstown, unaoitwa Makhanda tangu 2018.

Yaliyomo

Wakipsigis hawakuandika nyimbo zao kwa nota. Walirithishana kwa kusikia na kuimba. Kwa hiyo sauti yenyewe ndiyo hati. Inayosikika sana ni ya chepkong, ala ya nyuzi iliyo jamii moja na nyatiti ya Wajaluo.

Wimbo mashuhuri zaidi ni “Chemirocha”, ulionaswa kwa namna tatu. Jina hilo limetokana na Jimmie Rodgers (1897–1933), mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilifika Kericho na kuchezwa kwenye gramafoni. Namna ya tatu, iliyoimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, ndiyo iliyovuma duniani.

Kurejeshwa nyumbani

Kwa miongo mingi rekodi hizi zilijulikana zaidi ughaibuni kuliko kwa wenyewe. Mwaka 2014 ILAM, chini ya Diane Thram, ilishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, iliyokuwa ikiongozwa na Tabu Osusa, kuwatafuta waimbaji waliosalia na jamaa zao na kuwakabidhi nakala.

Kazi hiyo inastahili kuendelezwa. Shule na maktaba za Kericho na Bomet ziwe na nakala hizi, ili vijana wa Kipsigis wajifunze muziki wao kutoka kwa wazee waliouimba.