Bonasi na Tija: Somo kutoka Wells Fargo

Septemba 2016, mamlaka za Marekani ziliitoza benki ya Wells Fargo faini ya dola milioni 185. Wafanyakazi wa matawi walikuwa wamefungua akaunti na kuomba kadi za mkopo kwa majina ya wateja wasio na habari. Baadhi yao walihamishia fedha za mteja kwenye akaunti mpya, wakabuni anwani za barua pepe na kupanga namba za siri ili usajili ukamilike. Benki ilikuwa imewafukuza wafanyakazi wapatao 5,300 katika miaka 5. Mwaka uliofuata, akaunti zilizotiliwa shaka zilikadiriwa kufikia milioni 3.5.

Ni rahisi kusema walikuwa walaghai na kufunga jalada. Lakini watu maelfu hawakengeuki kwa namna moja bila kusukumwa. Uongozi ulitaka kila mteja awe na bidhaa 8 za benki, na mauzo yakaamua bonasi, cheo na hata ajira. Kwa kipimo hicho, tija ilipanda.

Kasoro ilikuwa kwenye kipimo chenyewe. Mwaka 1991, wanauchumi Bengt Holmström na Paul Milgrom walionyesha kwamba mfanyakazi mwenye majukumu mengi, akituzwa kwa lile linalopimika kirahisi, huelekeza nguvu huko na kuyapa kisogo mengine. Kazi ya benki ndivyo ilivyo: akaunti mpya huhesabiwa jioni ileile, ubora wa mkopo hujulikana baada ya miezi, na imani ya mteja hujengeka kwa miaka. Holmström alitangazwa mshindi wa Nobel ya uchumi tarehe 10 Oktoba 2016. Siku 2 baadaye, John Stumpf, mtendaji mkuu wa Wells Fargo, aling'atuka.

Je, bonasi zifutwe? La hasha. Shawn Cole, Martin Kanz na Leora Klapper waliwapa maofisa mikopo wa benki za India maombi halisi ya mikopo wayapime. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2015, yanaonyesha kwamba maofisa waliotuzwa kwa mikopo inayolipika, na kukatwa kwa ile iliyoshindikana, waliyachambua maombi kwa makini zaidi. Malipo yalipocheleweshwa, makali ya motisha hiyo yalipungua.

Kwa hiyo kuahirisha bonasi peke yake hakutoshi. Kinacholipiwa ndicho chenye uzito zaidi. Wells Fargo ilifuta malengo ya mauzo Oktoba 2016, kisha mwaka 2017 ikaanza kupima huduma kwa wateja, matumizi halisi ya akaunti na utendaji wa tawi zima. Mageuzi hayo yalistahili kuja kabla ya faini. Bodi yoyote ya benki, kabla ya kuidhinisha mpango wa bonasi, inapaswa kuuliza kama ofisa anaweza kulipwa kwa akaunti ambayo mteja hakuihitaji. Ikiwa anaweza, mpango huo urudishwe ukaandikwe upya.