Riziki ya Nyoka wa Nchi ya Kongwa

Mlali, katika wilaya ya Kongwa mkoani Dodoma, ni nchi ya vichaka vya miiba, vichuguu, na mashamba ya mtama, uwele na karanga, ambayo kwa miezi mingi ya mwaka hukauka kabisa, na mvua inyeshapo viumbe vyake vyote hutoka kutafuta riziki kwa wakati mmoja. Katika nchi ya namna hiyo nyoka hawakosi, wala si wa aina moja: yuko moma alalaye njiani, yuko koboko akaaye katika kichuguu kilichohamwa, yuko swila atemaye mate ya sumu, yuko chatu wa majabalini, na chini ya hao wako wadogo wengi wasio na sifa, ambao mkulima huwafukua kwa jembe na kuwaua kwa hofu. Watu wengi hudhani kwamba wote hao chakula chao ni panya. Na dhana hiyo, isiyomdhuru mkulima, imewaangamiza nyoka wengi vizimbani, kwa kuwa mfugaji aliyeishika humwekea nyoka wake kitu ambacho maumbile yake hayakitambui kuwa ni chakula, kisha hushangaa kumwona akikonda hata akafa.

Ukweli ni kwamba nyoka hutofautiana zaidi kwa riziki kuliko kwa rangi. Nyoka kipofu, anayefanana na mnyoo, hula mchwa na sisimizi na mayai yao. Yuko mwembamba mwenye kichwa cheusi ambaye riziki yake ni tandu, na sumu ya tandu haimzuii. Wa milimani penye unyevu yuko alaye makoa. Kipiribao mdogo wa usiku hula vyura. Nyoka wa mtini, aliye mfano wa kijiti kikavu, huvizia vinyonga na mijusi. Na yuko mwenye mgongo wa pembe tatu mfano wa tupa, ambaye huwameza nyoka wenziwe, hata wenye sumu kali, wala asidhurike.

Maarifa haya hayakupatikana kizimbani, bali yalipatikana porini, na njia yake ya kwanza ilikuwa ni reli. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza alikuja Kilosa, kwenye njia ya reli hiyo, mashariki ya nchi ya Kongwa, Mwingereza aliyeitwa Arthur Loveridge, aliyezaliwa mwaka 1891, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi, na sasa alikuwa afisa katika idara ya wanyama ya Tanganyika. Mtu huyu alikuwa na desturi iliyo sahili na yenye faida kubwa: kila nyoka aliyekufa mikononi mwake alimpasua tumbo, akaandika alichokikuta ndani, kiwe ni unyoya, mguu wa chura au mkia wa mjusi. Mwaka 1923 alichapisha habari za nyoka wa Afrika Mashariki katika jarida la chama cha elimu ya wanyama cha London, na mwaka uliofuata akahamia Chuo Kikuu cha Harvard. Elimu hiyo aliipata pamoja na wenyeji, maana wao ndio waliojua nyoka gani hupatikana chini ya gogo gani, nao ndio waliomletea.

Mfano ulio bora wa elimu hiyo ni nyoka alaye mayai. Hana meno ya kutajika, wala hali kitu kingine maishani mwake ila mayai ya ndege. Anapolikuta yai kiotoni mwa mnana, kwanza hulinusa kwa ulimi, na likiwa limeoza au kinda limeumbika ndani hugeuka akaenda zake. Likimridhisha, hulikumbatia kwa taya zake, ngozi ya shingo ikatanuka hata magamba yakaachana, na yai likaingia zima. Likifika kooni, hujikunja, na mifupa ya uti wa mgongo iliyochomoza ndani ya umio hulipasua. Ute na kiini hushuka tumboni, kisha ganda hutapikwa likiwa limekunjwa kama karatasi. Msimu wa viota ukipita, hufunga miezi mingi bila madhara. Mfugaji asiyelijua hilo humlazimisha kula panya, au humpa yai la kuku asiloweza kulimeza, na huo ni ujinga unaoua.

Riziki hiyo hubadilika nchi ibadilikapo. Mwaka 1947 matrekta ya mpango wa Waingereza wa kulima karanga yaliingia Kongwa na kung'oa vichaka, hata mpango wenyewe ulipoachwa mwaka 1951. Palipong'olewa kichaka, mla vinyonga hukosa pa kuvizia. Palipojengwa ghala, panya huja, na moma huwafuata. Elimu ya nyoka nayo ilikusanywa kwingineko pia: kusini, huko Newala, C. J. P. Ionides, aliyekuwa afisa wa wanyama, aliwakamata hongo na mafutu kwa makoleo marefu, akipashwa habari na wanavijiji mahali walipoonekana. Na huko Usukumani chama cha Bayeye, ambacho Hans Cory aliandika habari zake mwaka 1946, kilikuwa kimekwisha kurithishana elimu ya nyoka na dawa zake. Ndipo zikafuata bustani za nyoka: ya Nairobi kabla ya uhuru wa Kenya, ya Watamu mwaka 1980 iliyoanzishwa na James Ashe na mkewe, na ya Meserani karibu na Arusha mwaka 1993.

Kutokana na maarifa hayo yote zimepatikana kanuni ambazo hazina budi kushikwa. Mawindo yasizidi unene wa nyoka mwenyewe. Panya hai asiachwe kizimbani, maana nyoka asipokuwa na njaa panya ndiye atakayemtafuna. Mjusi na chura wa porini huwa na minyoo, hivyo ni heri wagandishwe kwa majuma kadhaa kisha wayeyushwe kabla ya kupewa nyoka. Na panya aliyeokotwa shambani asitumiwe kamwe, kwa kuwa huenda amekula sumu. Mla mijusi anayekataa panya aghalabu hukubali panya aliyesuguliwa kwa mjusi, maana nyoka huijua riziki yake kwa harufu. Wawili wasilishwe pamoja, wasije wakashika windo moja na mmoja akammeza mwenziwe. Chakula kitolewe kwa koleo refu, si kwa mkono. Na baada ya kula nyoka aachwe penye joto, kwani akikosa joto chakula humwozea tumboni.

Fauka ya hayo, kumfuga mnyamapori bila kibali kumekatazwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na katazo hilo ni la haki. Lakini nyoka huuawa mashambani Mlali kila msimu wa kulima, na pamoja na kila mmoja hupotea habari ambayo Loveridge angaliiandika. Walimu wa elimu ya viumbe katika shule za Kongwa wangeweza kuianza kazi hiyo upya, kwa sharti moja, kwamba kichwa kikatwe na kuzikwa kwanza na mtu mzima mwenye uzoefu, maana nyoka aliyekufa bado huweza kuuma; kisha tumbo lipasuliwe, na kilichomo kiandikwe kwa Kiswahili pamoja na tarehe na mahali, ili elimu ya nyoka wa Mlali ipatikane Mlali kwenyewe.