Pampu, Nozeli na Hewa: Historia ya Kutafuta Hitilafu za Mafuta katika Trekta la Dizeli

Injini iliyojaribiwa na Rudolf Diesel mjini Augsburg mwaka 1897 haikuwa na pampu ya kupulizia mafuta ya namna inayojulikana na mafundi wa leo, bali ilitegemea kompresa, yaani mtambo wa kushindilia hewa, na hewa hiyo ndiyo iliyoyasukuma mafuta na kuyatawanya ndani ya silinda. Kompresa ilikuwa nzito na ilihitaji kuangaliwa muda wote, kwa hiyo injini za aina hiyo zilifaa viwandani na melini, si shambani. Mafuta yenyewe yaliweza kuwa ya namna nyingi: katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini moja ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, jambo lenye kejeli yake kwa yeyote anayejua yaliyoupata mpango wa kulima karanga huko Kongwa, Tanganyika, nusu karne baadaye.

Trekta la dizeli la Benz-Sendling lilitokea Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1920, lakini ufundi wa utambuzi kama ulivyo sasa ulizaliwa mwaka 1927, kiwanda cha Bosch cha Stuttgart kilipoanza kuunda kwa wingi pampu ya kupulizia mafuta. Katika pampu hiyo kila silinda ya injini ina plunja yake, yaani pini nene ya chuma inayopanda na kushuka ndani ya ala, na nafasi iliyopo baina ya plunja na ala ni elfu chache tu za milimita. Mafuta yakishakamuliwa hupita kwenye paipu nyembamba hadi kwenye nozeli, yaani mdomo wenye sindano na springi, ambao hufunguka shinikizo linapofika kiwango kilichowekwa na kuyatoa mafuta kama ukungu. Usahihi wa kiasi hicho uliigawa elimu ya fundi pande mbili. Upande wa shinikizo dogo, wenye tangi, chujio na pampu ndogo ya kuvutia mafuta, ulibaki mikononi mwa dereva mwenye spana. Upande wa shinikizo kubwa ulihamia kwenye chumba safi chenye mashine ya kupimia, na pampu ikapigwa lakiri ili asiyehusika asiifungue. Mgawanyo huo ndio unaoeleza, kuliko uvumbuzi wowote uliofuata, kwa nini matrekta mengi yamelazwa chini ya miti kwa kosa la nusu saa: mwenye trekta huishuku pampu, ilhali mara nyingi kosa liko kabla ya pampu.

Mpango wa Karanga ulioanzishwa na Serikali ya Uingereza huko Kongwa, Tanganyika, mwaka 1947, ulitumia matrekta mengi yaliyokuwa mabaki ya vita, baadhi yakiwa yamenunuliwa Ufilipino, na kuyakabidhi kwa madereva waliofunzwa kwa haraka. Yaliharibika kwa wingi tangu msimu wa kwanza, na mpango wenyewe ukavunjwa mwaka 1951. Lawama hutupiwa mizizi ya vichaka na udongo uliokauka kama saruji, tena kwa haki. Hata hivyo vumbi la huko Kongwa, likipata pipa la mafuta lililoachwa wazi, linatosha peke yake kukwaruza plunja.

Yaliyowazoeza wakulima wengi zaidi ufundi huo ni matrekta madogo. Massey Ferguson iliinunua kampuni ya Perkins mwaka 1959, na injini ya Perkins ya silinda tatu ikafungwa katika trekta la 35, kisha katika 135. Pampu yake iliyozoeleka, CAV ya aina ya DPA, ni ya kuzunguka: rota moja huzigawia silinda zote mafuta kwa zamu, na hulainishwa na dizeli ileile inayoisukuma. Hapo utambuzi huanzia kwenye ekzosi. Starta ikizungusha injini bila moshi wowote kutoka, mafuta hayafiki. Moshi mweupe huonyesha kwamba yanafika lakini hayaungui. Moshi mweusi huonyesha mafuta yaliyozidi hewa, au nozeli inayochuruzika badala ya kupuliza.

Mafuta yasipofika, hushukiwa hewa, kwa kuwa hewa hushindilika na hivyo kuinyima nozeli shinikizo la kuifungua. Fundi hulegeza skrubu iliyo juu ya chujio, kisha hupampu kwa mkono kijiti cha pampu ndogo mpaka povu liishe na mafuta yatoke safi. Kijiti kikilegea bila kusukuma kitu, mara nyingi pampu haijafa. Kamshafti ya injini, inayoisukuma pampu hiyo, imeishikilia, na kuizungusha injini raundi moja humaliza shauri. Baada ya skrubu za pampu kubwa, hubaki nati za nozeli, ambazo hulegezwa huku starta ikizungusha. Injini iliyowaka lakini inamisi hupimwa kwa nati hizohizo, moja baada ya nyingine: silinda ambayo kuinyima mafuta hakubadilishi mlio ndiyo yenye kosa.

Pampu inayolainishwa na mafuta yake haivumilii mafuta ya taa, ambayo ni mepesi mno. Nchini Tanzania bei yake ndogo iliwavutia wachakachuaji wa dizeli hadi EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ilipoanza kuweka vinasaba, yaani alama ya utambulisho, katika mafuta mwaka 2010, na kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa mwaka 2011. Dalili ya rota iliyolika ni trekta kuwaka vizuri asubuhi na kugoma mchana likiwa la moto, kwa sababu mafuta yaliyopata joto huvuja kwenye nafasi iliyotanuka. Kitambaa kilicholoweshwa maji na kuzungushiwa pampu kikilifanya liwake tena, jibu limepatikana.

Katika matrekta mapya, ambamo kompyuta hugawa mafuta kutoka kwenye bomba moja lenye shinikizo linaloweza kuzidi baa 1,000, kulegeza nati injini ikiwa inanguruma ni hatari, kwani mchirizi wa mafuta hupenya ngozi. Nafasi ya kipimo hicho imechukuliwa na kifaa cha kusoma misimbo ya hitilafu, ingawa msimbo wa shinikizo dogo bado humrudisha fundi kwenye chujio na paipu za kutoka tangini.