Gesi ndani ya nyumba: jinsi ya kufunga na kutumia jiko au hita ya gesi kwa usalama

Baridi ya usiku kwenye kambi na makazi yaliyo maeneo ya miinuko, kama Kigeme nchini Rwanda, si ya kuchezea. Mvua inanyesha, kuta zina unyevu, watoto wanakohoa. Ni rahisi kuingiza jiko ndani, kufunga mlango na kulala. Familia nyingi sasa zina jiko la gesi la kupikia, ama walilopewa ama walilonunua, na wachache wana hita ndogo ya gesi ya kubeba.

Gesi ina faida kubwa. Inapunguza safari za kutafuta kuni, ambako wanawake na wasichana hukutana na hatari nyingi, na inapunguza moshi ndani ya nyumba. Lakini inahitaji uangalifu. Makala hii inakueleza namna ya kufunga mtungi, kutumia jiko au hita, na nini cha kufanya mambo yakiharibika.

Hata kama hutasoma hadi mwisho, kumbuka jambo moja: hakuna moto wa kulala nao. Jiko la gesi, hita ya gesi au jiko la mkaa (makala), zima au litoe nje kabla hujalala.

Hatari mbili unazopaswa kuzijua

*Ya kwanza ina harufu.* Ni gesi yenyewe inapovuja. Mtungini gesi imeshindiliwa hadi ikawa kimiminika. Lita moja ikitoka nje huwa gesi ya takribani lita 250. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo haipandi juu kama moshi. Inashuka sakafuni, inajaa mashimoni na kupita chini ya mlango. Nyumba zinapokaribiana, gesi inayovuja kwako inaweza kutambaa hadi kwenye jiko la mkaa la jirani na kuwaka kutokea huko. Kwa asili haina harufu. Harufu mbaya unayoisikia, kama ya yai au kabichi iliyooza, imeongezwa makusudi ili ikuonye.

*Ya pili haina harufu.* Ni hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hutoka pale moto wa gesi, mkaa, kuni au mafuta ya taa unapowaka bila hewa ya kutosha. Huioni, huinusi, haikuwashi macho. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Jiko la mkaa ambalo halina tena moshi ndilo linalowadanganya wengi: makaa mekundu yasiyotoa moshi bado yanatoa sumu hii kwa wingi.

Kabla ya kupokea au kununua mtungi

Kagua mambo haya ukiwa bado mbele ya muuzaji au mgawaji:

- Lakiri ya mdomo wa mtungi iwepo na isiwe imefunguliwa.
- Mtungi usiwe na kutu nyingi, mbonyeo au alama za kuungua.
- Uzito uwe sahihi. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Jumlisha na kilo za gesi (kwa mfano 6), kisha uombe upimiwe kwenye mizani.
- Mpira uwe ule uliotengenezwa kwa ajili ya gesi. Mpira wa maji hulainika na kupasuka.

Usinunue gesi iliyohamishwa kutoka mtungi mmoja kwenda mwingine uani kwa mtu. Mtungi salama haujazwi hadi juu, kwa sababu gesi huhitaji nafasi ya kutanuka jua linapowaka. Anayehamisha gesi nyumbani hawezi kujua amejaza kiasi gani.

Ukiubeba kwa baiskeli au bodaboda, mtungi usimame wima, ufungwe imara, na valvu iwe imefungwa.

Wapi pa kuweka mtungi na jiko

Mahali bora pa kupikia ni nje chini ya paa, au kwenye jiko la nje lenye kuta zilizo wazi. Kama huna budi kupikia ndani:

- Acha matundu mawili ya hewa: moja chini karibu na sakafu ili gesi iliyovuja itoke, na jingine juu ili joto na hewa chafu vitoke. Usiyazibe kwa matambara wakati wa baridi.
- Weka mtungi wima kwenye sakafu tambarare, si shimoni wala chini ya kitanda.
- Jiko liwe mbali na turubai, pazia, godoro na nguo zilizoanikwa.
- Usiweke kibatari, mshumaa au jiko la mkaa karibu na mtungi.
- Usiwashe jiko wala hita ya gesi ndani ya hema au kibanda cha turubai. Turubai huungua haraka sana, na hewa ndani yake ni kidogo.

Kufunga mtungi, hatua kwa hatua

1. Zima kila moto ulio karibu, pamoja na sigara. Fungua mlango.
2. Hakikisha visu vya jiko na valvu ya mtungi vimefungwa.
3. Toa kifuniko. Angalia mdomo wa mtungi: kipira kidogo cha duara kinachozuia gesi kisiwe kimepasuka wala kupotea.
4. Funga regyuleta, yaani kile kichwa kinachokaa juu ya mtungi. Ifae aina ya mtungi wako. Kama inakataa kukaa, usiilazimishe kwa nyundo wala kuikaza kwa uzi au mpira wa baiskeli.
5. Hakikisha mpira umeshikwa kwa vibano vya chuma pande zote mbili. Kagua urefu wake wote. Ukiona nyufa, sehemu iliyolainika au alama za meno ya panya, badilisha. Badilisha pia tarehe iliyoandikwa juu yake ikipita.
6. Fungua valvu ya mtungi huku jiko likiwa limezimwa. Paka maji ya sabuni yenye povu kwenye kila maungio. Mapovu yakianza kukua, gesi inavuja. Funga, kaza, pima tena.

Kamwe usipime uvujaji kwa kiberiti.

Kama jiko lako ni lile linalokaa juu ya mtungi mdogo wa kilo 6, kipimo cha sabuni ni muhimu vilevile. Jiko hilo pia hupinduka kwa urahisi. Usiweke sufuria kubwa ya maharage au maji ya kuoga juu yake, na usiliache na watoto.

Kuwasha, kupika na kuzima

Washa kiberiti kwanza, kisha fungua gesi. Ukifungua gesi halafu ukatafuta kiberiti, gesi inakusanyika na moto hulipuka usoni. Jiko likishindwa kuwaka, funga, subiri dakika chache hewa isafishike, ndipo ujaribu tena.

Moto mzuri ni wa bluu. Moto wa njano unaoacha masizi kwenye sufuria ni dalili kwamba gesi haiungui vizuri na sumu inatoka. Zima, safisha matundu ya jiko. Ukiendelea kuwa wa njano, peleka jiko kwa fundi.

Ukimaliza kupika, funga valvu ya mtungi kwanza, moto ufe wenyewe kwa gesi iliyobaki kwenye mpira, kisha funga kisu cha jiko.

Wakati wa baridi moto unaweza kupungua ingawa mtungi haujaisha. Wengine huulaza mtungi, huuweka kwenye maji ya moto au huusogeza karibu na makaa ili kukamua gesi ya mwisho. Usifanye hivyo. Ukiulaza, kimiminika huingia kwenye mpira na moto hulipuka juu. Ukiupasha joto, mtungi unaweza kupasuka.

Kama una hita ya gesi ya kubeba

Hita hutumika kwa muda mfupi, chumbani mwenye watu walio macho, dirisha au mlango ukiwa umeachwa wazi kidogo. Iweke umbali wa mita 1 au zaidi kutoka kwenye kitanda, nguo, pazia na watoto. Usianike nguo mvua juu yake. Usiihamishe ikiwa inawaka.

Hita nyingi zina kifaa kinachozima moto wenyewe hewa ya chumbani inapopungua. Kama hita yako inajizima kila mara, imefanya kazi yake: inakuambia chumba hakina hewa. Fundi akikushauri akitoe kifaa hicho ili isikusumbue, kataa.

Fikiria pia gharama. Hita yenye vigae vitatu ikiwashwa yote hutumia takribani gramu 300 za gesi kwa saa. Mtungi wa kilo 6 utaisha kwa saa 20 hivi, yaani gesi ya kupikia wiki kadhaa imekwisha kwa usiku chache. Tena kila kilo moja ya gesi inayoungua hutoa zaidi ya lita moja na nusu ya maji kama mvuke. Nyumba inapata joto, lakini kuta na blanketi zinalowa.

Je, naweza kutumia jiko la kupikia kupasha nyumba joto?

Hapana. Jiko la kupikia halikutengenezwa kuwaka kwa saa nyingi ndani ya chumba kilichofungwa, na kwa kawaida halina kifaa cha kujizima hewa inapopungua.

Ukisikia harufu ya gesi

- Usiwashe wala kuzima taa, tochi, redio au simu. Cheche ndogo inatosha.
- Funga valvu ya mtungi kama unaweza kuifikia.
- Toa watu wote nje, kuanzia watoto, wazee na wagonjwa. Acha milango na madirisha wazi.
- Waambie majirani wazime moto wao.
- Kama valvu haifungi na hakuna moto, toa mtungi hadi mahali pa wazi, ukiwa wima, mbali na nyumba na mitaro.
- Piga simu ukiwa mbali, na usirudi ndani hadi harufu iishe kabisa.

Kama moto umeshaanza na huwezi kufunga valvu bila kuungua, acha vitu. Ondoa watu na uite msaada.

Kichwa kinauma kila asubuhi: ni malaria au ni jiko?

Dalili za sumu ya kaboni monoksaidi ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu na kuchanganyikiwa. Hufanana na malaria au mafua, na familia nyingi hudhani ndivyo. Shuku jiko ukiona haya:

- Watu wawili au zaidi wa nyumba moja wanaumwa kwa wakati mmoja, bila homa.
- Mnapata nafuu mkikaa nje, kisha hali inarudi mkiingia ndani.
- Dalili huja usiku au asubuhi, baada ya jiko kuwaka ndani.

Tokeni nje mara moja. Aliyezimia mtoe kwenye hewa safi na umkimbize kituo cha afya. Ukifika, mwambie mhudumu wazi: "Tulilala na jiko ndani." Maneno hayo ni muhimu, kwa sababu kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kinaweza kuonyesha kwamba kila kitu kiko sawa wakati mgonjwa ana sumu. Mjamzito aende kituoni hata kama anajisikia nafuu, kwani mtoto aliye tumboni huathirika zaidi.

Mtu akiungua

Mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya kawaida, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Vua pete, bangili na nguo zisizoganda kwenye ngozi. Funika kwa kitambaa safi, nenda kituo cha afya. Usipake dawa ya meno, mafuta, majivu, asali wala unga. Nguo zikishika moto, usikimbie: lala chini ujiviringishe.

Namna nyingine za kupata joto usiku

- Tandika mkeka, maboksi au magunia makavu chini ya godoro. Baridi nyingi hutoka sakafuni.
- Chemsha maji jioni, yatie kwenye chupa inayostahimili maji ya moto, funga vizuri, viringisha kitambaa na uiweke kitandani kabla ya watoto kulala.
- Weka chai au uji kwenye chupa ya chai kwa ajili ya usiku, ili usiwashe jiko usingizini.
- Mtoto mchanga alale kifuani kwa mama au baba, ngozi kwa ngozi, wakifunikwa pamoja, huku mzazi akiwa macho.
- Ziba nyufa za upande upepo unakotoka, lakini acha matundu ya hewa.

Wapi pa kupata msaada

Tanzania, Zimamoto: 114. Rwanda, dharura: 112, gari la wagonjwa: 912. Kenya na Uganda, dharura: 999 au 112.

Mjulishe pia kiongozi wa mtaa, zoni au kijiji chako. Kama mtungi au jiko ulilopewa na shirika linavuja, lirudishe kituo cha ugawaji na ueleze tatizo. Misaada kwa wakimbizi hutolewa bure. Mtu akikudai pesa ili akubadilishie mtungi mbovu, toa taarifa kwenye dawati la malalamiko au sanduku la maoni lililo karibu nawe. Huhitaji kuandika jina lako.

Kama jirani yako hasomi, msimulie haya. Nyumba zenu zimepakana, na gesi inayovuja kwake inaweza kukufikia.